Nani Ameshika Mkasi? Mjadala Kuhusu Waongozaji wa Hong Kong Huko Hollywood

Kati ya mwaka 1993 na 1998, waongozaji wa filamu za mapigano waliokuwa wakitamba Hong Kong walipanda ndege kwenda Marekani, mmoja baada ya mwingine. John Woo alitangulia na Hard Target mwaka 1993. Ringo Lam akafuata na Maximum Risk mwaka 1996, kisha Tsui Hark na Double Team mwaka 1997. Mwaka huohuo Stanley Tong, ambaye Rumble in the Bronx yake ilikuwa imempatia Jackie Chan jina Marekani, alikabidhiwa na Disney kichekesho kiitwacho Mr. Magoo. Kirk Wong alifunga msafara na The Big Hit mwaka 1998. Watatu wa kwanza walipokelewa na staringi yuleyule, Jean-Claude Van Damme, Mbelgiji ambaye naye alikuwa mgeni mjini humo. Wengi waliozitazama filamu hizo katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Nairobi waliziita tu picha za Van Damme, na jina la mtu aliyekuwa nyuma ya kamera halikumshughulisha mtu. Miaka 10 baadaye karibu wote walikuwa wamerudi kwao. Kwa nini? Nina jibu moja ninalolitetea hapa, na nimewaachia nafasi wawili wasiokubaliana nami: Mpingaji, anayeamini kwamba sanaa ya watu hao haikuwa na nguvu ya kuvuka bahari, na Mhasibu, anayesema kwa niaba ya studio na fedha zake.

MPINGAJI: Ndugu mwandishi, unazunguka mbali wakati jibu liko hapahapa. Mtu Kiingereza kinampiga chenga, hajui Wamarekani wanacheka nini wala wanalia kwa lipi, halafu unampa filamu yao aiongoze. Atafanyaje? Huyo Woo wako kazi yake ni undugu wa polisi na jambazi, njiwa weupe wanaruka kanisani, wanaume wanatokwa machozi huku wamelowa damu. Hong Kong watu walilia naye. Marekani wangemcheka. Lawama ya studio inatoka wapi hapo?

MWANDISHI: Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo sababu inayotajwa upesi na ndiyo inayobomoka upesi. Ringo Lam alisomea filamu chuo kikuu cha York, Toronto. Tsui Hark alisomea filamu Texas, akaishi na kufanya kazi New York kabla ya kurudi Hong Kong. Ronny Yu, mwingine wa kundi hilo, ni mhitimu wa Chuo Kikuu cha Ohio. Hawa walikijua Kiingereza na waliijua Amerika ya Kaskazini kwa kuishi ndani yake. Woo hakupitia chuo kikuu. Sinema alijifunza kwa kuitazama na kwa kufanya kazi studioni Hong Kong, na mwaka 1993 Kiingereza chake kilikuwa haba kuliko cha wenzake. Sasa angalia nani alidumu. Tsui aliongoza filamu mbili na Van Damme akaondoka. Lam alitoa moja iliyoonyeshwa sinema, na alipofanya kazi tena na Van Damme miaka ya 2000, filamu zile zilikwenda moja kwa moja kwenye kanda na diski. Woo, yule wa Kiingereza cha kuokoteza, aliongoza filamu sita za sinema katika muda wa miaka 10. Kama lugha ndiyo ingekuwa kikwazo, mambo yangetokea kinyume kabisa.

Kuhusu machozi na njiwa, yupo shahidi anayeitwa Face/Off. Paramount iliitoa mwaka 1997 kwa bajeti ya takriban dola milioni 80, nayo ikaingiza takriban milioni 245 duniani. Muswada wake wa awali uliwekwa katika siku za usoni, ukiwa na mitambo na maajabu ya kisayansi. Woo aliomba hayo yaondolewe, kwa sababu alichokiona yeye mle ndani ni hadithi ya baba, mke, mtoto na adui aliyevaa sura ya baba. Alipopewa nafasi hiyo hakupunguza hata kimoja katika vitu ambavyo Mpingaji anadhani vingechekwa. Kanisa limo, njiwa wamo, machozi yamo. Tena kuna lile pambano ambalo mtoto mdogo amevishwa vipokea sauti masikioni ili asisikie milio ya bunduki: risasi zinapasua nyumba nzima, sisi tunasikia wimbo wa taratibu anaousikia yeye, na vioo vinamwagika polepole pembeni yake. Hicho ni Hong Kong kitupu, na Wamarekani walilipa kiingilio wakakipenda. Kwa hiyo ladha ya watazamaji haikuwa ukuta. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mambo ya namna ile yalitokea mara chache mno.

Maelezo yangu ni haya. Filamu ya mapigano ya Hong Kong ilitungwa palepale inaporekodiwa, na mtunzi wake alikuwa mtu mmoja mwenye sauti juu ya kamera na juu ya mkasi wa mhariri kwa pamoja. Filamu ya Hollywood hutungwa mezani, kwenye karatasi, miezi mingi kabla kamera haijawashwa, na mkasi wake hubaki kwa aliyetoa fedha. Studio ziliwapenda waongozaji hawa kwa kazi waliyoifanya chini ya utaratibu wa kwanza, zikawaajiri chini ya utaratibu wa pili. Ni sawa na kumchukua fundi wa jahazi aliyezoea kupima ubao kwa jicho, ukamkalisha ofisini achore ramani ambazo watu wengine ndio watakaozijenga, kisha chombo kikivuja ukasema fundi huyu sifa zake zilikuwa za uongo.

Mfano wenyewe ni Hard Boiled ya mwaka 1992, filamu ya mwisho ya Woo kabla ya kuondoka. Mwandishi wa muswada, Barry Wong, alifariki kabla kazi haijakamilika, na hadithi ikawa inapatikana kadiri kurekodi kulivyosonga mbele. Hospitali inayoteketea mwishoni ilijengwa ndani ya kiwanda cha zamani cha kujaza soda za Coca-Cola. Humo ndimo Chow Yun-fat na Tony Leung wanapopita kwenye korido wakifyatua risasi kushoto na kulia, vioo vinapasuka, watu wanaanguka, na kamera inawafuata kwa dakika 2 na sekunde 42 bila kukatwa hata mara moja. Katikati ya safari hiyo wanaingia kwenye lifti. Milango inajifunga. Kwa sekunde 20 hivi wanazungumza, mmoja wao amechanganyikiwa kwa sababu ametambua kwamba aliyempiga risasi ni polisi mwenzao. Milango inafunguka, wako ghorofa nyingine, wanaendelea kuua. Ila ghorofa nyingine haipo. Wakati wale wawili wakizungumza, nje ya lifti wafanyakazi walikuwa wakifagia vioo mbio mbio, wakiwaondoa marehemu na kuibadilisha korido ileile ionekane ngeni. Jambo kama hili linataka kikundi kinachomwelewa mwongozaji kwa ishara, na linataka mwongozaji asiyelazimika kumwomba mtu ruhusa ya kupoteza siku nzima endapo sekunde ya 19 itaharibika.

MHASIBU: Sasa na mimi niseme, maana mnaongea kama watu ambao hawajawahi kusaini hundi. Filamu ya dola milioni 80 haiendeshwi kwa "tutaona kesho". Kampuni ya bima inataka kujua nani atasimama wapi na baruti ngapi zitawashwa. Vyama vya wafanyakazi vina saa zao za kazi, na ukizizidisha unalipa. Taratibu hizi hazikuletwa na uchoyo. Mwaka 1982, Twilight Zone: The Movie ikirekodiwa usiku huko California, helikopta ilianguka ikamuua mwigizaji Vic Morrow na watoto wawili. Baada ya hapo nani tena atamruhusu mtu abuni hatari papo kwa papo? Isitoshe, mwongozaji huku hanyang'anywi kazi yake kama mnavyodai. Mkataba wa chama cha waongozaji wa Marekani unampa wiki 10, kwa filamu kubwa, aihariri anavyotaka kabla mtu mwingine hajaigusa. Hong Kong nani alimpa karatasi kama hiyo?

MWANDISHI: Hakuna aliyempa, Bwana Mhasibu, kwa kuwa hakuihitaji. Wiki zako 10 ni za kweli, ila tazama kinachofuata wiki ya 11. Filamu inapelekwa kwenye maonyesho ya majaribio, watu wasioijua wanajaza fomu, studio inasoma fomu, na mkasi unahama. Hapa inabidi nieleze namna ya kurekodi mapigano, kwa kuwa ugomvi wote umejificha humo. Tuseme mtu anapigwa teke, anaruka, anavunja meza kwa mgongo. Hollywood tukio zima litarekodiwa kwa mbali toka mwanzo hadi mwisho, kisha tena kwa kamera ya kushoto, tena ya kulia, tena kwa karibu usoni, na mhariri ataokota anachotaka. Hong Kong hawakufanya hivyo. Walirekodi kipande kwa kipande: mguu unaondoka chini, basi, mwili uko hewani na kamera imelala sakafuni, basi, mgongo unaigusa meza, basi. Kila kipande kilichaguliwa pembe yake na kurudiwa mpaka kikae sawa, na vipande hivyo vilikuwa na namna moja tu ya kuunganishwa. Hakukuwa na akiba ya picha nyingine. David Bordwell, msomi wa Kimarekani aliyeandika Planet Hong Kong, ameonyesha jinsi mapigano hayo yanavyokwenda kwa mapigo: mtu ametulia tuli, mlipuko wa haraka, ametulia tena. Mapigo hayo hayapatikani kwa kuokotaokota picha za kamera nne. Hupatikana pale aliyerekodi anapojua sekunde ileile jinsi kitakavyokatwa. Na ukiurekodi mchezo kwa kamera nyingi hadi mhariri yeyote aweze kuupanga upya, umeshampa yeyote uwezo wa kuupanga upya. Unaita usalama wa uwekezaji, na si uongo, maana unahakikisha filamu itabaki mali ya studio hata mwongozaji akifukuzwa jioni.

Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Universal ilipompa Woo Hard Target, ilimweka karibu yake Sam Raimi, mwongozaji mwenzake, kama mmoja wa wasimamizi ambaye angeweza kushika usukani mambo yakienda kombo. Raimi alimheshimu Woo na hakuna usukani ulioshikwa, lakini maana ya ajira ile inasomeka. Filamu ilipokwisha, bodi ya kupanga madaraja ya filamu iliirudisha mara kadhaa ipunguzwe damu, na toleo walilotazama Wamarekani likawa limepungukiwa kuliko lile lililoonyeshwa nchi nyingine. Mapigo ya Woo ndiyo yalikuwa kwenye damu ile. Ukitoa nusu sekunde hapa na nusu pale, wimbo umepoteza mizani.

MHASIBU: Lakini Mission: Impossible 2, ya mwaka 2000, iliingiza zaidi ya dola milioni 540. Hakuna filamu iliyoipita mwaka ule duniani. Aliiongoza nani? Huyohuyo mtu wenu anayeonewa.

MWANDISHI: Aliiongoza yeye, na fedha zile ni halali. Ila mwenye nyumba alikuwa Tom Cruise, staringi ambaye pia alikuwa mtayarishaji, na Woo aliitwa kupamba sebule ya mtu. Pikipiki na njiwa zimo. Ile hali ya mtu kutoa roho yake kwa ajili ya rafiki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikizipa maana risasi za Woo, sikuiona. Huo ni mtazamo wangu na unaweza kuukataa. Kisichokataliwa ni kilichofuata. Miaka miwili baadaye Windtalkers, filamu ya vita iliyogharimu takriban dola milioni 115, haikufikisha hata 80 duniani. Mwaka 2003 akatoa Paycheck, kisha Marekani ikamwisha. Alirudi China akatengeneza Red Cliff, filamu ya sehemu mbili ya mwaka 2008 na 2009, na mashua zinazoungua mle zinatosha kuonyesha kwamba mkono wake haukuwa umekufa ganzi. Mtu aliyekuletea mapato makubwa kuliko wote mwaka 2000 akatupwa baada ya filamu mbili, halafu tunaambiwa studio ilimwamini.

MPINGAJI: Mimi bado sijashawishika, na safari hii nina majina. Paul Verhoeven alitoka Uholanzi akafanya RoboCop na Total Recall. Wolfgang Petersen alitoka Ujerumani akafanya In the Line of Fire na Air Force One. Roland Emmerich, Mjerumani pia, Independence Day. Renny Harlin wa Finland alipewa Die Hard 2 akaifanya vizuri. Wote wageni, wote filamu za mikikimikiki, wote Hollywood hiyohiyo yenye mkasi huohuo. Kwa nini wao waliweza?

MWANDISHI: Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na kwa bahati mbaya kwako ndilo linaloniunga mkono. Hao walitoka kwenye sinema inayoanza na karatasi. Petersen alipotengeneza Das Boot mwaka 1981, ndani ya nyambizi ya kuigiza ambamo kamera haikuwa na pa kupita, kila hatua ilibidi ifikiriwe kabla. Emmerich alikuwa akitengeneza filamu za namna ya Kimarekani akiwa bado Ujerumani, na Moon 44 aliirekodi kwa Kiingereza kulekule. Alipofika California alikuwa amehamia kitambo. Verhoeven ndiye wa kutazama kwa makini zaidi, kwa sababu alikuwa na sauti yake, na yeye pia alipambana na bodi ya madaraja kuhusu damu ya RoboCop. Alidumu zaidi kwa kuwa sauti yake ilikuwa kwenye kejeli, na kejeli unaweza kuiandika kwenye muswada na kuilinda. Hata hivyo mwishowe alitoa Hollow Man mwaka 2000, filamu ambayo mwenyewe amesema mtu mwingine yeyote angeweza kuiongoza, akarudi Uholanzi kufanya Black Book. Waongozaji wa Hong Kong hawakuwa na la kuandika. Huwezi kuandika kwenye muswada namna Jackie Chan anavyopanda ngazi ya kupandia ukuta akiigeuza kuwa silaha. Utaandika "wanapigana", na baada ya neno hilo moja ndipo kazi yote inaanza. Pambano la mwisho la Drunken Master II, ya mwaka 1994, lilichukua karibu miezi minne kurekodiwa. Katika muswada wa Hollywood ni kurasa mbili, na ratiba itakupa siku chache.

MPINGAJI: Na hiyo miezi minne ililipwa kwa migongo ya nani? Jackie Chan alipasuka fuvu mwaka 1986 akirekodi Armour of God huko Yugoslavia. Yeye ni staringi, alikimbizwa hospitali. Wale waliokuwa wakiruka na kuanguka kwa ajira ya siku, ambao majina yao hatuyajui, walikimbizwa wapi? Mnasifia uhuru wa mwongozaji kana kwamba hakuna mtu mwingine mle ndani. Mimi nasema heri mkasi wa studio kuliko uhuru wa namna hiyo.

MWANDISHI: Hapa nakubali zaidi ya nusu. Utaratibu wa Hong Kong uliwachosha watu usiku na mchana, uliwavunja, na mara nyingi uliwalipa kwa sifa. Mtu akisema nautamani urudi kama ulivyokuwa, nitakataa. Lakini umeunganisha vitu viwili vinavyotengana. Kumlinda anayeruka ni jambo moja, na kuamua nani atahariri ruko lake ni jambo jingine. Hollywood ilishika la kwanza vizuri, ikajifanya la pili limo ndani yake. Ushahidi kwamba yanatengana ulitoka ndani ya Hollywood yenyewe mwaka 1999. Ndugu wawili Wachowski walipotaka mapigano ya The Matrix, walimwita Yuen Woo-ping, mwongozaji wa mapigano wa Hong Kong. Hakupewa filamu aiongoze. Alikuja na watu wake, wakawachukua waigizaji na kuwafundisha kwa takriban miezi minne kabla ya kurekodi. Keanu Reeves alianza mazoezi akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo, na hakuna aliyemvunja upya. Muda ule, ambao Hong Kong ulitumiwa kwenye kurekodi na kuumizana, ulihamishiwa mazoezini. Bima iliridhika. Mapigo ya mtindo wa Hong Kong yakabaki, kwa sababu waliotunga mapigano waliachwa wayatunge na Wachowski walijua kwamba yatakatwa hivyohivyo.

Tazama basi hadithi hiyo ilikoishia. Kati ya watu walioruka badala ya Keanu Reeves kwenye The Matrix alikuwemo Chad Stahelski. Alijifunza kwa kundi la Yuen, akaanzisha kikosi chake na David Leitch, na mwaka 2014 wawili hao wakatoa John Wick. Kamera inasogea nyuma, mwili mzima unaonekana, kipande ni kirefu, staringi anapigana mwenyewe. Sehemu ya nne, ya mwaka 2023, iliingiza zaidi ya dola milioni 400. Kwa maneno mengine, Hollywood haikuwa na ugomvi na sanaa ile hata kidogo. Iliichukua yote, lakini ilichukua miaka 15 kuelewa kwamba anayetunga mapigano hana budi kuwa na sauti kwenye kamera na uhariri, na ilielewa pale mtu huyo alipokuwa Mmarekani.

MHASIBU: Sawa, tuseme yote hayo ni kweli. Unataka tufanyeje? Tumpe mgeni asiyejulikana dola milioni 80 na mkasi juu?

MWANDISHI: Sina haja ya kubuni, kwa kuwa mlishafanya. Columbia ilitoa Maximum Risk ya Lam na Double Team ya Tsui, zote chini ya utaratibu wa Marekani, na zote leo hukumbukwa zaidi kwa udadisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni hiyohiyo ikafungua tawi la kutengeneza filamu Asia. Tawi hilo likampa Tsui Hark fedha arekodi nyumbani, kwa Kikantoni, na watu wake. Akaleta Time and Tide mwaka 2000, filamu ambayo ndani yake watu wananing'inia kwa kamba kwenye kuta za jengo la makazi, kamera ikishuka nao dirisha kwa dirisha, na huoni alama yoyote ya mtu aliyeishiwa. Mwongozaji ni yuleyule, nembo ya mwanamke mwenye mwenge ni ileile, tofauti ya muda ni miaka mitatu tu. Warner Bros. nao walijifunza hivyohivyo baadaye, japo somo halikuwa lao. Kim Jee-woon wa Korea Kusini alikwenda Marekani akamwongoza Arnold Schwarzenegger kwenye The Last Stand, mwaka 2013, na filamu haikurudisha cha maana. Miaka mitatu mbele, fedha za Warner zilimfuata Seoul, akafanya The Age of Shadows kwa Kikorea. Ile ya kwanza naitazama kwa adabu. Hii ya pili ina tukio la treni ambalo nalirudia.

MPINGAJI: Time and Tide ilijaza sinema ngapi Marekani, ndugu yangu? Tulikuwa tunajadili watu walioshindwa kuingia kwenye mkondo mkuu wa Kimarekani, na wewe unatuonyesha filamu ambazo Wamarekani wengi hawajazisikia.

MWANDISHI: Haikujaza, na sitaficha. Iliyojaza ni ndugu yake, mtoto wa tawi lilelile na mwaka uleule: Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee, mapigano yakiwa yameongozwa na Yuen Woo-ping, watu wakizungumza Kimandarini mwanzo hadi mwisho. Iliingiza takriban dola milioni 128 Marekani peke yake na kabla yake hakuna filamu ya lugha ya kigeni iliyokuwa imefikia kiasi hicho huko. Kwa hiyo mlango wa mkondo mkuu ulifunguka, ukafunguliwa na filamu iliyotengenezwa nje ya utaratibu wenu kwa kiasi kidogo cha fedha zenu. Sidai kwamba kila mwenye mkasi wake angefikia hapo. Nadai kwamba asiye nao hakuwa na njia ya kujaribu.

MPINGAJI: Basi nikuulize la mwisho. Woo amerudi. Silent Night ya mwaka 2023, karibu haina maneno. Halafu mwaka 2024 Universal, wale wa Hard Target, wakampa fedha aitengeneze upya The Killer yake mwenyewe, akairekodi Paris, ikaishia kwenye huduma ya intaneti ya Peacock. Hapo hukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Hadithi yake, mkono wake, na ile ya mwaka 1989 bado inaipita mbali.

MWANDISHI: Inaipita mbali, ndiyo. Mtu wa miaka 77 hawezi kudaiwa kikundi alichokuwa nacho akiwa na 42, na kikundi kile ndicho kilichofagia vioo nje ya lifti. Kama unataka kuipima hoja yangu kwa haki, mtu wa kumtazama sasa ni Timo Tjahjanto wa Indonesia. Mwaka 2025 aliongoza Nobody 2 kwa ajili ya Universal, ila aliyemwajiri moja kwa moja ni 87North, kampuni ya David Leitch yuleyule wa John Wick. Ofisi ya juu bado ni ya Bwana Mhasibu. Ofisi ya chini, safari hii, ina mtu aliyewahi kuanguka dirishani kwa kulipwa.

MHASIBU: Tutaona ripoti ya mapato.

MWANDISHI: Ukiipata, angalia pia nani ametajwa kwenye uhariri.